Likilinganishwa na Nini?

Fikra tunduizi, yaani mazoea ya kulipima dai kabla ya kulikubali au kulikataa, hudhaniwa kuwa kipaji cha wasomi wachache, ilhali jaribio lililofanywa Uganda mwaka 2016 lilionyesha kwamba hata mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kufundishwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Norwei walizigawa shule za msingi 120 kwa bahati nasibu, ambapo baadhi zilipewa kitabu cha hadithi za picha na masomo tisa ya dakika 80, na nyingine zikaendelea na masomo yao ya kawaida. Somo lilikuwa madai ya tiba, nayo ndiyo yanayosikika kila siku sokoni, redioni na barazani.

Kwa mfano, mtu mwenye mafua akinywa tangawizi siku ya nne na kupata nafuu siku ya saba, huisifu tangawizi kwa kuwa nafuu imekuja baada yake. Lakini mafua ya kawaida huisha yenyewe kwa takriban wiki moja au siku kumi, hata kwa asiyekunywa chochote, hivyo jambo kutangulia jingine hakutoshi kulifanya kuwa chanzo chake. Kinachohitajika ni kundi la ulinganisho, yaani watu wanaofanana na waliotibiwa kwa kila hali isipokuwa tiba yenyewe. Ushuhuda wa jirani, hata awe mkweli namna gani, hauzibi pengo hilo, maana jirani hana nafsi ya pili ambayo haikunywa tangawizi. Wala ukongwe wa tiba si ushahidi: waganga wa Ulaya waliwatoa wagonjwa damu kwa karne nyingi, wakiwadhoofisha wengi wao.

Mwisho wa muhula, watoto zaidi ya 10,000 walipewa mtihani wa maswali 24, na kufaulu kulihitaji majibu sahihi 13. Asilimia 69 ya waliofundishwa walifaulu, dhidi ya asilimia 27 ya wenzao. Mtihani wa darasani si sawa na kusimama mbele ya muuza dawa mwenye kipaza sauti, lakini tofauti hiyo si ndogo, na kitabu kilichotumika hupatikana bure kwenye intaneti.