Lang Ping: magoti yalichoka, ujuzi ukabaki



Kila mwaka sisi walimu tunaona jambo lile lile. Msichana anacheza volei vizuri katika uwanja wa masomo, halafu akifika miaka 14 au 15 haji tena. Tukiuliza sababu, tunajibiwa: nyumbani kuna kazi, na tena mpira hauleti bukari mezani. Hatumlaumu mama anayesema hivyo, maana maisha ni magumu. Lakini juma hili tunapenda kuwaletea habari za mwanamke ambaye mpira ulimlisha hata baada ya kuacha kucheza.

Mfano wa namna hiyo tumekwisha kuuona hapa kwetu Lubumbashi. Mwaka 2024, wasichana wa TP Mazembe walitwaa kombe la mabingwa wa Afrika kwa wanawake. Aliyewafundisha ni mwanamke, Lamia Boumehdi wa Maroko, ambaye zamani alichezea timu ya taifa lake. Tuliwashangilia wachezaji. Ni wachache tuliouliza yule mama aliyesimama kando ya uwanja alijifunza wapi kazi yake. Alijifunza kwa kucheza.

Katika volei, njia hiyo ilipitwa na Mchina mmoja, Lang Ping. Alizaliwa mwaka 1960, na alikuwa bado kijana alipoingia timu ya taifa ya China. Alipiga mpira kwa nguvu hata wakamwita Nyundo ya Chuma. Timu yake ilishinda Kombe la Dunia mwaka 1981, ubingwa wa dunia mwaka 1982, na mwaka 1984 medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Los Angeles. Huko China akawa mtu anayejulikana na kila mtoto.

Wengine wangekaa na sifa hiyo. Yeye alikwenda Marekani kusoma chuo kikuu, na huko akaanza kusaidia kufundisha timu ya wasichana wa chuo. Bingwa wa dunia akakubali kuwa mwanafunzi tena, katika lugha ya wengine. Sisi walimu tunaona hapo ndipo ushindi wake wa pili ulipoanza.

Mwaka 1995 China ilimwita aifundishe timu ya taifa, na mwaka uliofuata wakapata medali ya fedha ya Olimpiki. Kazi ilimchosha, afya ikapungua, akaiacha mwaka 1998. Baadaye alifundisha Italia. Mwaka 2005 alipokea timu ya wanawake ya Marekani, na sababu moja ilikuwa kukaa karibu na binti yake aliyekuwa akikua huko. Mama wengi mtaelewa hesabu hiyo. Mwaka 2008 Olimpiki ikafanyika Beijing, mji aliokulia. Akakaa upande wa Marekani, mbele ya watu wa kwao, na timu yake ikaifunga China seti 3 kwa 2. Wamarekani walimaliza na medali ya fedha.

Mwaka 2013 alirudi kuifundisha China. Kwenye Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, wasichana wake walipoteza michezo mitatu kati ya mitano ya kwanza. Hawakuvunjika moyo. Katika robo fainali waliwatoa Wabrazili, wenyeji wenyewe, na katika fainali wakaifunga Serbia seti 3 kwa 1. Hivyo Lang Ping akawa mtu wa kwanza duniani, mume au mke, kupata dhahabu ya Olimpiki katika volei akiwa mchezaji, kisha akiwa mwalimu mkuu wa timu.

Tusifiche bei aliyolipa. Magoti yake yalipasuliwa, na nyonga yake ikabadilishwa. Na mwisho haukuwa sherehe: Tokyo, mwaka 2021, timu yake ilitolewa mapema, naye akaaga. Lakini magoti yalipochoka, kichwa kilikuwa kimejaa ujuzi, na ujuzi huo ulimpa kazi zaidi ya miaka 20.

Msiseme hayo ni ya Wachina tu. Wanawake wa Kenya (nchi, si komini yetu ya Kenya) walikuwa timu ya kwanza ya wanawake wa Afrika kucheza volei kwenye Olimpiki, huko Sydney mwaka 2000. Na mchezo wenyewe hauombi mali nyingi: mpira mmoja, miti miwili, kamba au wavu, na uwanja wa meta 18 kwa 9.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili. Kwanza, binti anayependa mpira apewe jioni mbili kwa juma. Vyombo vinaweza kuoshwa na kaka yake. Pili, tunajua kati yenu kuna waliocheza volei zamani, wakaacha walipoolewa. Ujuzi wenu haujafa. Siku ya likelemba, mmoja wenu asimame aseme: mimi nilicheza, niko tayari kuwafundisha watoto wetu. Sisi walimu tutatafuta uwanja na mpira. Watoto tunao tayari, wanamngoja mama mmoja tu.