Je, Wajua? Cheni ya Pikipiki Inayokaza na Kulegea
Gurudumu la nyuma la pikipiki linapozungushwa polepole kwa mkono, cheni ikakaza mahali pamoja na kulegea pengine, si lazima cheni hiyo iwe ndiyo yenye kasoro, kwani spoketi, yaani gurudumu la meno linalovutwa na cheni, nayo ikikaa nje ya kitovu chake huleta dalili ileile. Kinachotofautisha ni marudio: mkazo ukirejea kila mzunguko mmoja wa gurudumu, spoketi ya nyuma ndiyo ya kuchunguzwa, lakini ukirejea baada ya cheni nzima kuzunguka, ambayo ikiwa na pingili 126 juu ya spoketi ya meno 42 humaliza safari yake kwa mizunguko 3 ya gurudumu, basi pingili zenyewe zimelika au zimeshikwa na kutu. Kupaka oili, tiba inayopendwa mno vijiweni, hulainisha pingili zilizoganda, lakini hakurudishi chuma kilichokwisha kulika. Ulegevu hupimwa mahali cheni ilipokaza zaidi, kwa kuwa ukirekebishwa ilipolegea, sehemu iliyokaza huvuta beringi za giaboksi na za gurudumu hadi zikaharibika.