Mavumbi ya Kitandani na Ugonjwa wa Pumu

Mama, wewe huamka mapema na kufagia nyumba yako kila siku. Hii ni kazi njema. Lakini labda unaye mtoto ambaye kifua chake hulia kama filimbi usiku, naye hukohoa sana kila mara ufagio unapopita. Mchana anacheza na wenzake. Usiku ukifika anakaa kitandani akitafuta pumzi. Ugonjwa huu ni pumu. Wengine wanauita asima. Hauambukizi. Lakini watu wa jamaa wanaanza kuulizana ni nani aliyemloga mtoto, na pengine jirani mzee anashitakiwa bure. Basi, kabla ya kumtafuta mchawi, tazama mkeka na godoro la mtoto.

Ndani ya mikeka, magodoro, mito na mablanketi wanaishi wadudu wadogo sana. Ni jamaa ya kupe, wana miguu 8, lakini hawamwumi mtu. Watatu wakijipanga mmoja nyuma ya mwingine, urefu wao haupiti milimita 1, kwa hiyo hatuwaoni kwa macho. Chakula chao ni vipande vya ngozi yetu vinavyoanguka tunapolala. Hawanywi maji, wanayapata katika hewa yenye unyevu. Ndiyo sababu wanaongezeka wakati wa mvua. Mavi yao yanakuwa mavumbi, nasi tunayavuta puani. Watu wengi hawaoni shida. Lakini mwili wa mwenye pumu mara nyingi unadhani kwamba adui ameingia. Njia za pumzi zinavimba, zinabana, zinajaa makohozi. Jambo hili la wadudu lilionyeshwa na wataalamu wa mji wa Leiden, katika nchi ya Uholanzi, mwaka 1964.

Sikia tena habari ya watu wa Fore, wanaokaa milimani katika nchi ya Papua New Guinea. Zamani pumu ilikuwa haba sana kwao. Kisha walianza kulala na mablanketi. Mwaka 1985 waganga waliandika kwamba watu wazima zaidi ya 7 katika kila 100 walikuwa na pumu, na walipopima mablanketi yao waliyakuta yamejaa wadudu hao. Hatusemi utupe blanketi lako. Usiku wa kiangazi hapa Lusangi ni baridi, na mtoto asilale akitetemeka. Tunasema blanketi litunzwe.

Litunzweje? Mara moja kila juma, jua likiwa kali, toa nje godoro, mto, mkeka na blanketi. Vianike saa nyingi, na kuvigeuza. Jua linawakausha wadudu na kuwaua. Lakini mavi yao hayafi! Yanabaki ndani ya kitambaa, na ni hayo yanayofunga kifua. Kwa hiyo ukimaliza kuanika, piga godoro kwa fimbo, kung'uta blanketi mbali na nyumba, mgonjwa asiwe karibu. Shuka na nguo za kulalia zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto sana, digrii 60 hivi, moto usioweza kutia mkono. Tumia kijiti kuzigeuza. Godoro la nyasi za zamani, lenye kunuka ukungu, litobolewe, nyasi zichomwe mbali, na nyasi mpya zilizokauka vema zitiwe.

Chandarua ni kitu kingine. Usikitie katika maji ya moto wala kukianika juani, maana dawa iliyomo itaharibika. Kifue kwa upole katika maji baridi na sabuni ya kawaida, kikauke kivulini. Wala usikiondoe kwa kuogopa mavumbi, kwa kuwa malaria inaua watoto wetu wengi.

Sasa ufagio. Ufagio mkavu unainua mavumbi, nayo yanakaa hewani kitambo kirefu. Nyunyiza maji kidogo kwanza, usiloweshe udongo. Meza na kiti vipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Mwenye pumu atoke nje, asirudi upesi. Ni huzuni kuona msichana mwenye pumu anapewa kazi ya kufagia na kupepeta mpunga kila siku kwa sababu yeye ni msichana. Ndugu zake wa kiume wana mikono pia.

Kuku na mbuzi wasilale chumba kimoja na mgonjwa. Magunia ya mpunga na karanga yawekwe mahali pengine, juu ya miti, yasiote ukungu. Mavi ya mende pia yanafunga kifua: osha sahani kabla ya kulala, funika chakula, ziba nyufa za ukuta kwa udongo. Usipulize dawa ya wadudu ndani ya chumba cha mwenye pumu. Moto upikiwe nje au katika jiko lililo mbali na chumba cha kulala, na baba asivute tumbako nyumbani. Moshi unaumiza kifua kilichokwisha kuvimba.

Usafi huu haushiki mahali pa dawa. Wengine wakiona nafuu kidogo wanaacha dawa ya kuvuta waliyopewa na mganga wa hospitali, nao wanarudi wakibebwa. Tena si kila kikohozi ni pumu. Mwenye kukohoa majuma 2 au zaidi apimwe kifua kikuu. Na mgonjwa asiyeweza kumaliza maneno machache bila kuvuta pumzi, au mbavu zake zinaingia ndani, au midomo yake inageuka rangi, aletwe hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane. Mkalishe wima njiani, usimlaze, na ulete dawa zote alizokuwa akitumia.