Tope la Msimbazi litapelekwa wapi?

Juma hili tuutazame mto chini, si juu. Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, hadi unaingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Kwa miaka mingi umepokea maji machafu ya viwanda, gereji, machinjio na majumba yetu. Mvua kubwa ikipita na maji yakatakata kidogo, watu husema mto umejisafisha. Hapo ndipo tunapodanganyika.

Metali nzito, yaani risasi, kromi, kadimi, zebaki na nduguze, hazipendi kuelea. Hunata kwenye chembe laini za udongo na mabaki yaliyooza, kisha huzama nazo. Mchanga wa chenga kubwa hubeba kidogo. Tope laini jeusi ndilo ghala lenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kuchota maji, akayapima, akayakuta hayana neno, na huku chini ya nyayo zake imelala sumu ya miaka mingi.

Na sumu hiyo haiozi. Vijidudu hufa ukichemsha maji. Risasi haijali moto wa jiko lako. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi ilipofika mwanzo wa 2006. Lakini ile iliyokwisha kutoka kwenye mabomba ya magari na kusombwa na mvua haikufuta nyayo zake siku hiyo.

Mafuriko yanapokuja, tope hupanda mashambani bondeni. Mchicha na matembele hunyonya kadimi kwa mizizi. Kuosha vizuri huondoa udongo ulioganda juu ya jani. Kilichomo ndani hakitoki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima mboga za kando ya Msimbazi na Sinza katika miaka ya 1990, wakakuta risasi na kadimi. Simlaumu mkulima wa bondeni: hakumwaga yeye. Wa kuhofiwa zaidi ni mtoto, ambaye mwili wake hunyonya risasi mara nne au tano kuliko wa mtu mzima, nayo huharibu ubongo unaokua.

Wajapani walilipa ada ya somo hili. Kadimi kutoka mgodi wa Kamioka iliteremka na mto Jinzu hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Toyama, ikalainisha mifupa ya walaji. Serikali yao ilikiri chanzo hicho mwaka 1968. Kazi ya kuusafisha udongo wa mashamba ilimalizika 2012.

Sasa tugeukie kwetu. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo mwaka 2022, umo pia na kazi ya kuchimba tope la mto ili kupunguza mafuriko. Ni jambo jema. Jangwani imezama mara nyingi mno. Lakini tope lililolala bila hewa huzishika metali barabara. Ukilifukua likapata hewa, linaanza kugeuka tindikali na kuziachia. Kwa hiyo lipimwe kabla ya kupakiwa. Jiji hili lina wateja wengi wa kifusi cha bei poa, na lori moja la tope jeusi hutosha kusawazisha uwanja wa watoto kuchezea.