Nani wa Kuniulizia?

Nyanya yangu hakumwona babu mpaka siku aliyoozwa. Alichowahi kukiona ni ng'ombe wa kina babu wakinywa maji mtoni, na kwa kuwatazama tu akajua anapelekwa kwa watu wasiolala njaa. Wazee walikuja kwa baba yake mara tatu. Kila walipokuja mama yake alikaanga buni kwa samli, wakatafuna, wakazungumzia mvua na malisho, wakaondoka bila kumtaja msichana. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakiulizana. Kwao kuna ugonjwa gani? Mama mtu mkali? Na huyo kijana, ng'ombe akipotea usiku, humfuata au hulala?

Mimi ni Muorma wa hapa Garsen, nina miaka 37, na sijaoa. Natengeneza simu kwenye kibanda karibu na steji ya mabasi yaendayo Lamu. Nikishafunga usiku, namwandikia mwanamke mmoja wa Malindi tuliyejuana kwa simu. Naandika, "Umeshindaje?" Nafuta. Naandika, "Leo nimekukumbuka." Nafuta hilo nalo, maana sijui litapokelewaje na mtu asiyejua kwetu. Mwisho namuuliza kama huko kumenyesha.

Wapo wataalamu wanaoitazama hali hii kwa jicho la mageuzi. Neno hilo huwatia wengi wasiwasi huku kwetu. Mimi hapa nalitumia kwa maana ya mienendo iliyodumu vizazi na vizazi kwa kuwa iliwasaidia watu kulea watoto wakakua. Mwaka 2011 Robert Walker na wenzake walilinganisha desturi za ndoa za jamii zinazoishi kwa kuwinda na kuokota matunda, wakazipima pamoja na nasaba zinazosomeka kwenye vinasaba. Waliona kuwa yaelekea ndoa za kupangwa zilikuwapo tangu binadamu walipotoka Afrika kuenea duniani, kama miaka 50,000 iliyopita.

Menelaos Apostolou, wa Chuo Kikuu cha Nicosia, anasonga mbele zaidi. Kama wachaguzi walikuwa wazazi, asema, kijana hakuhitaji sana ufundi wa kutongoza. Kilichomfaa ni ukoo, mali na sifa yake mbele ya wazee. Sasa kila mtu anajitafutia, na wengi wanaotaka wenzi hawawapati. Nilipoyasoma hayo nilishusha pumzi. Miaka yote nimeambiwa nachagua mno, na mimi sijawahi kuwa na wa kumchagua.

Ila huku kwetu maneno si tatizo pekee. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Baba alikuwa na ng'ombe arobaini, walibaki sita. Hao ndio waliokuwa wanisemee kwa watu.

Wala desturi yenyewe haikukaa pale pale. Jean Ensminger, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeanza kuishi na Waorma miaka ya 1970, aliandika na Jack Knight mwaka 1997 jinsi mahari yetu ilivyobadilika: mali iliyokuwa ikienda kwa baba wa msichana ikaanza kwenda kwa msichana mwenyewe. Nafurahi kila nikilikumbuka hilo, kwa ajili ya shangazi yangu. Yeye aliozwa akiwa na miaka kumi na minne kwa mzee aliyelingana na baba yake, kwa kuwa ukoo wa mzee huyo ulikuwa na malisho yaliyotakiwa mwaka wa ukame. Mwaka 1974 Robert Trivers alieleza kuwa maslahi ya mzazi na ya mtoto hayalingani sawasawa hata wakipendana. Shangazi hajasoma Trivers. Hadi leo tukimtaja mzee yule huinuka akaenda nje. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka miaka 18 na hiari ya wote wawili, na sitaki hata siku moja irudi nyuma.

Ninachokililia ni kuulizia. Ile kazi ya watu wengi kuuliza kwa upole, wiki baada ya wiki, kabla ya wawili kufungwa pamoja. Sisi tumeachiwa tuifanye peke yetu, kwa kidole gumba, usiku.

Mwezi uliopita nilimweleza nyanya habari za mwanamke wa Malindi. Hakuuliza sura wala kazi. Aliniuliza, "Maji yakiwatoa nyumbani, wao hukimbilia kwa nani?" Sikujua. Nilijua kwamba kwao ni kando ya Mto Sabaki, basi.

Usiku huo nililiandika swali la nyanya kama lilivyo, na sikulifuta. Jibu lilikuwa refu kuliko yote aliyowahi kunitumia, na ndani yake mlikuwa na jina la mama yake.