AONYESHWE ALIPOJIKWAA

Usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Methali hii twaijua sote, lakini madaftari ya Kiingereza ya watoto wetu wa Pwani niliyoyapitia yanakwenda kinyume chake. Insha imejaa wino mwekundu juu hadi chini, na mwishoni pana alama: 14 kwa 40. Mtoto huonyeshwa alipoangukia, alipojikwaa haonyeshwi. Hulifunga daftari, na juma lijalo huanguka pale pale.

Chukua mfano huu: "My mother he went". Mtoto aliyeandika hivi si mzembe. Lugha yake ina "yeye" mmoja kwa mama na baba, na "alikwenda" haibagui mume na mke. Mwalimu alijuaye hili hakati neno akapita. Humwambia: "Mwanangu, mtazame kila mtu uliyemtaja, ni mume au ni mke, kisha uandike tena uniletee." Kosa moja, kazi moja, na nafasi ya kurudia.

Wataalamu wamelijadili jambo hili kwa ukali. Mwaka 1996 John Truscott alidai kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili hakufai kitu, kuachwe. Mwaka 1999 Dana Ferris alimjibu kwamba amefanya haraka kukata shauri, kwani masahihisho yaliyochaguliwa na yaliyo wazi huweza kumfaa mwanafunzi. Kabla yao, mwaka 1988, uchunguzi wa Ruth Butler ulionyesha kuwa watoto waliopewa maelezo peke yake waliendelea mbele, na waliopewa maelezo pamoja na alama hawakuendelea. Nadhani jicho la mtoto hukimbilia alama, maneno yakabaki pale.

Kwetu hili si geni. Chuoni tulisoma Kiarabu, lugha isiyo yetu. Ukiitamka "ain" kama "alif", maalim alikusimamisha papo hapo, akakutamkia, nawe ukarudia hata ulimi ukazoea. Hakungoja mtihani.

KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi wataka mtoto apimwe hatua kwa hatua darasani. Nia ni njema. Lakini pasipo kurudia, kupima huko kutakuwa ni kuhesabu maanguko mengi badala ya moja tu.

Basi mzazi mwenzangu, mwanao arudipo jioni, usimwulize, "Umepata ngapi?" Mwulize, "Mwalimu amekwambia urekebishe nini?" Kisha mpe kalamu.