Kulijua Gitaa (3): Mi Imejificha Wapi?

Wiki iliyopita tuliishia kwenye ngazi ya do, re, mi na jinsi inavyopandwa juu ya uzi mmoja wa gitaa. Wasomaji waliopitia kwaya za kanisani walipata nafuu, maana ngazi hiyo wameiimba tangu utotoni. Leo tunazipiga noti kwa pamoja, tatu au zaidi, na hapo ndipo kodi inapozaliwa.

Vijana wengi siku hizi hujifunza kodi kwa picha: vidole vitatu hapa, uzi huu usiguswe, basi. Wanapiga vizuri tu, mpaka mwimbaji aseme wimbo uko juu mno, ushushwe kidogo. Hapo mkono unaganda. Mwalimu wangu, mzee aliyepiga rithimu miaka mingi katika bendi za dansi jijini Dar es Salaam, hakutaka hata kuziona picha hizo. Ukimwambia unaijua kodi ya C, alikuuliza swali moja tu: "Mi yako iko wapi?"

Swali hilo linataka hesabu. Katika kodi yoyote, noti inayoipa jina ndiyo do yake. Kila freti ni nusu toni. Kutoka do hadi mi ni freti 4, na kutoka mi hadi so ni freti 3. Zikilia pamoja hizo tatu, ni kodi ya meja. Ishushe mi freti moja, do na so zibaki zilipo, na hesabu inageuka: 3 kwanza, kisha 4. Hiyo ni maina, ile yenye majonzi. Tofauti yote ya furaha na huzuni kwenye gitaa imebebwa na noti moja iliyosogea freti moja, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza.

Sasa tuichukue C yenyewe, ile ya siku ya kwanza, tuikague uzi kwa uzi. Tunahesabu kuanzia uzi mwembamba kabisa, huo ndio wa kwanza. Ule mnene ni wa sita, na kwenye C hatuupigi. Uzi wa tano umebanwa freti ya 3: hiyo ni C, yaani do. Wa nne, freti ya 2: E, mi. Wa tatu uko wazi: G, so. Wa pili, freti ya 1: C tena. Wa kwanza uko wazi: E tena. Nyuzi tano zinalia lakini noti ni tatu. Do na mi zimerudiwa, so imekuja mara moja.

Igeuze iwe maina. Mi ya uzi wa nne inashuka bila tabu, kutoka freti ya 2 hadi ya 1. Mi ya pili, je? Hiyo ni uzi wa kwanza ulio wazi, na uzi ulio wazi hauna pa kushukia. Unaweza kuuzima usilie, lakini wapigaji wengi hulihama umbo lile, wakapanda freti ya 3 na kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi. Nilikuwa nimesikia kwa watu wengi kwamba C maina ni ngumu. Ugumu wenyewe unatoka wapi, nilielezwa na mzee yule peke yake.

Linganisha na E, A na D. Kila moja ina mi moja tu, na mi hiyo iko chini ya kidole. Kwenye E iko uzi wa tatu, freti ya 1: inua kidole, umepata maina. Kwenye A iko uzi wa pili, kwenye D uzi wa kwanza, zote freti ya 2: sogea nyuma freti moja, kazi imekwisha.

Ukiongeza noti ya nne, iliyo freti 10 juu ya do, unapata kodi ya saba. Shika C yako ya kawaida, kisha kwa kidole kidogo bana uzi wa tatu freti ya 3. G imegeuka B flati. Tazama kilichotokea: so imeondoka kabisa na sikio halikulalamika. Ingeondoka mi, usingejua tena kama kodi ni meja au maina. Na kati ya E na hiyo B flati kuna freti 6, umbali usiotulia. E inataka kupanda freti moja iwe F, B flati inataka kushuka freti moja iwe A. F na A ni do na mi za kodi ya F. Ndiyo maana C ya saba ikishapigwa, sikio linaisubiri F.

Katika bendi za dansi kazi hii inagawanywa. Besi ndiyo inayoiweka do chini, na magitaa mengine yanajenga juu yake. Nilipokuwa nakung'uta nyuzi zote, mzee alinikatiza: "Mwanangu, do anayo mtu wa besi. Wewe tafuta mi."

Mpigaji aliye peke yake hana msaada huo. Sikiliza "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda, iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, Likasi ya leo, huko Katanga. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinapiga wimbo kwenye nyembamba. Kodi inakuja vipande vipande, noti baada ya noti, na msikilizaji anaiunganisha mwenyewe.

Wiki ijayo tutaingia kwenye kodi za do, fa na so, zile tatu zinazobeba nyimbo nyingi za dansi. Kabla ya hapo, mwenye gitaa aishike G ya kawaida, azitafute mi zote zilizomo, kisha ajaribu kuifanya maina. Akikwama, auangalie uzi wa pili.